Nilimpa mpwa wangu gari, sasa silali

Barua hii imetoka kwa msomaji wa Lubumbashi, nchini Kongo. Ameomba jina lake lisitajwe, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili ndugu zake wasitambulike.

Mama mshauri,

Nakusalimia kwa heshima. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, nina mke na watoto watatu. Nafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi: siku 14 kazini, siku 7 nyumbani Lubumbashi. Barua hii naiandika usiku, kambini, mwenzangu wa chumba amelala. Jambo lenyewe sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Dada yangu mkubwa ni mjane, mwaka wa sita huu. Ana watoto wanne. Kwetu mjomba ndiye baba, na siku ya kuondoa matanga wazee waliniwekea wale watoto mbele yangu wakasema, "Hawa ni wako." Sikukataa. Minervali, yaani ada ya shule, nimelipa, viatu nimenunua, malaria nimeuguza. Mkubwa wao sasa ana miaka 21. Alipokuwa mwaka wa mwisho wa sekondari nilimwambia mbele ya mama yake: ukileta asilimia 65 kwenye mtihani wa serikali, nakununulia motokari. Nilisema kwa furaha tu, sikudhani atafika. Akaleta 68. Tulimmwagia poda, desturi yetu kwa aliyefaulu, mpaka kope zikawa nyeupe, na katikati ya makelele yale akanikumbatia, akaniuliza sikioni: "Mjomba, na ile ahadi?"

Ahadi ni deni. Nikakusanya pesa mwaka mzima. Nilikuwa nimelenga Toyota ndogo, ya kumpeleka chuo na kumsaidia mama yake kubeba mizigo ya sokoni. Lakini mtu wa Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, akanionyesha, kwa bei ileile, Subaru ya buluu yenye turbo, imetoka Japani kupitia Dar es Salaam, usukani kulia. Nikaiwasha. Mama, ule mlio ulinipanda mgongoni. Nikasema, hii ndiyo.

Miezi ya kwanza ilikuwa heri tupu. Aliwapeleka wadogo zake shule, alimbebea mama yake unga. Kisha wakaja marafiki. Usiku wa Ijumaa wanakutana barabara ya Kipushi, vijana wenye magari yao na wengine wenye magari ya baba zao, wanashindana mpaka karibu na alfajiri. Zamani walikuwa wakishindania mafuta, siku hizi wanashindania dola. Wamembatiza jina, wanamwita Piloti. Nimeona video kwenye simu ya mdogo wake: mshale umepita 160, ndani wamejaa watano, wanapiga kelele kama uwanja wa Kamalondo timu ya Mazembe ikifunga goli.

Sasa nifike kwenye lenyewe. Mapumziko yangu yaliyopita, Jumamosi, nilipita kwa dada saa moja asubuhi nikamkuta kijana anaosha gari, yeye ambaye Jumamosi haamki kabla ya saa nne. Nikachukua kitambaa nimsaidie. Taa ya mbele ya kulia ilikuwa na ufa. Kwenye upenyo kati ya taa na bampa kulikuwa na unga mweusi. Nikaingiza kidole, ni makala, mkaa wa kupikia. Nikavuta zaidi, ukatoka ukanda wa mpira, ule unaokatwa kwenye tyubu kuukuu, urefu kama mkono wangu, bado una fundo. Mtu yeyote wa Lubumbashi anajua ukanda ule unafunga nini: magunia ya makala juu ya kinga, baiskeli ya mizigo.

Nikamtazama. Akasema, "Niligonga gunia tu, mjomba. Mwenye kinga aliruka pembeni. Nilimwona kwenye kioo anasimama." Nikamwuliza, ulisimama? Akajibu, "Wangeniua." Nikamwuliza alikuwa kwenye mwendo gani. Hakujibu. Aliendelea kuosha palepale nilipokuwa nimekwisha kupangusa.

Ule ukanda niliutia mfukoni. Ninao mpaka sasa, kwenye jaketi langu la kazi.

Nifanye nini? Nikichukua gari, nimetoa zawadi mbele ya ukoo mzima na kuirudisha. Atasema mjomba ni baba wa mdomo. Dada atapoteza usafiri wa biashara yake, na hajui lolote. Nikiliacha, naogopa simu ya usiku. Mimi mwenyewe si mwoga wa barabara: natoka Kolwezi hadi Lubumbashi kwa saa tatu kasoro, na kijana tangu mdogo hunipigia nikifika, ananiuliza, "Leo dakika ngapi?" Lakini mimi nimezoea, nimeendesha miaka 17. Yeye bado mtoto, anafikiri barabara ni mchezo. Hata kazini sheria ninaifuata: ndani ya mgodi mwendo wetu ni 40, bila mkanda hutoki getini, tunapuliza kipimo cha pombe kila asubuhi. Nimfanyeje mtoto asiyesikia?

Ni mimi, mjomba asiyelala.

*

Mjomba, ndugu yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye ule ukanda wa mpira. Ungeweza kuutupa kwenye mtaro siku ileile. Umeubeba kilomita 300 hadi Kolwezi na unalala nao chumba kimoja. Kwa hiyo naanza nikiamini kwamba ninazungumza na mtu ambaye moyo wake umeshaanza kujibu, ila anaogopa kusikia jibu lenyewe.

Nieleze nilivyokuelewa, unisahihishe nikikosea. Umelea watoto wa dada yako kwa mikono miwili. Ulitoa ahadi, ukaitimiza, na ulichokitimiza kinaweza kumuua yule uliyempa. Huenda kimeshamuumiza mtu mwingine. Ukinyamaza unaogopa, ukisema unaogopa, na unabeba peke yako jambo ambalo si lako peke yako.

Unaniuliza juu ya gari. Niruhusu nianze kwingine.

Umeandika kwamba unatoka Kolwezi kwa saa tatu kasoro. Umelitaja kwa kupita, kama mtu anayetaja urefu wake. Nimechukua karatasi nikapiga hesabu. Ili mtu apate wastani wa kilomita 100 na zaidi kwa saa, huku akipita peaji za kulipia barabara, akipita Fungurume na Likasi, akitambaa nyuma ya malori ya shaba na kobalti, ni lazima penye nafasi awe anakimbia 130, 140. Katika 140 gari linameza karibu mita 39 kila sekunde. Mtu anahitaji kama sekunde moja aone, aelewe, ahamishe mguu. Mita 39 zimekwisha na breki haijaguswa. Baada ya hapo, kwenye lami kavu na matairi mazuri, bado kuna mita 100 na zaidi mpaka gari lisimame. Miaka yako 17 imekufundisha kuhisi hatari mapema, na hilo si dogo. Dereva mpya kweli hana jicho hilo. Lakini breki zako ni sawa na zake.

Mtoto wako, maana ni wako, tangu yuko mdogo anakupigia simu kuuliza dakika. Sisemi wewe ndiye uliyemtuma barabara ya Kipushi. Vijana wana njia zao nyingi za kufika kule. Ninajiuliza tu: katika simu zile zote, kuna siku alikusikia ukisema, "Leo nimechelewa, kulikuwa na watoto wa shule njiani"? Na ule mlio uliokupanda mgongoni pale Kasumbalesa, ulimchagulia yeye gari au ulijichagulia wewe? Sikuulizi ili ujilaumu. Kama shauku hiyo na wewe unayo, basi unaifahamu kwa ndani, na wewe ndiye mtu mzima pekee anayeweza kuzungumza naye bila kumhubiria.

Umesema anafikiri barabara ni mchezo. Hapo sina hakika. Kijana aliyeamka kabla ya saa moja Jumamosi, akaosha mahali ambapo pameshapanguswa, hachezi. Anaogopa. Na naona hofu hiyo hajapata mtu wa kumpelekea.

Tuje kwenye gari sasa. Usikubali mtu akwambie ni gari tu kama magari mengine. Kuna sababu kwa nini majimbo kadhaa ya Australia yanamkataza mwenye permi (leseni) mpya kuendesha gari la nguvu kubwa, na nchi nyingine zinamwekea mpaka wa kuendesha usiku au kubeba marafiki. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi kuliko kitu kingine chochote watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Kijana akiwa peke yake huweza kuwa na busara, lakini mpakie rafiki zake wanne, kila mmoja na simu imewashwa, busara inashuka mlango wa nyuma. Hata Japani lilikotoka gari lile, barabara kuu za magari peke yake, zisizo na mwenda kwa miguu wala baiskeli, mwisho wake kwa kawaida ni 100, na vipande vichache 120.

Halafu ule usukani wa kulia. Sisi tunaendesha mkono wa kulia wa barabara. Dereva wako amekaa upande wa nyasi. Akitaka kupita lori lililo mbele yake, inabidi atoe nusu nzima ya gari kabla jicho lake halijaona kinachokuja. Wewe na mimi tumewaona madereva wetu wakimtegemea abiria wa mbele: "Pita, hakuna kitu." Usiku, kwa mwendo ule, jicho lake ni rafiki mwenye miaka 20 anayepiga video.

Na yule mwenye makala. Unamjua, sote tunamjua. Anasukuma kinga iliyobeba magunia kumzidi kimo, ametoka kijijini usiku ili awahi wanunuzi, hana taa, nguo zake zina rangi ya mzigo wake. Taa za chini za gari zinaonyesha mita 50 au 60 hivi. Anayekwenda 120 anahitaji kama mita 110 kusimama. Hesabu hii nataka uielewe vizuri, maana itakusaidia kuzungumza na kijana bila kumwita muuaji: kwa mwendo ule, hata angekuwa na macho ya tai, alipomwona alikuwa ameshachelewa. Kosa lilifanyika dakika kadhaa kabla, mguu ulipokanyaga.

Unaweza kuchukua ufunguo. Una haki hiyo kama mjomba, na pengine kama mwenye gari. Karti roze, hati ya gari, imeandikwa jina la nani? Bima ipo? Kama jina ni lako, wewe umo ndani ya jambo hili kisheria pia. Faida ya kuchukua ufunguo ni kwamba Ijumaa ijayo gari halipo kwenye mashindano, na kuna siku ambazo hilo linatosha. Hatari yake ni kwamba Piloti atapanda gari la mwenzake, na huko huna sauti. Atakuwa pia na hadithi nzuri ya kuwasimulia wazee, ya mjomba anayetoa na kunyang'anya, na hadithi hiyo itafunika ya makala. Ukiamua njia hii, usiifanye mbele ya wadogo zake, na usiifanye kwa simu kutoka kambini. Mkae wawili, au watatu na mama yake.

Unaweza kuliuza na kumnunulia lile la kwanza ulilolenga. Ahadi ilikuwa motokari, haikuwa turbo. Njia hii inamwachia dada yako usafiri wa mizigo na inamwachia kijana uso. Lakini usijidanganye: gari dogo likikimbia 110 linaua vilevile, na mkanda usiofungwa haufungwi kwa sababu injini ni ndogo. Kuna pia vifaa vya kufungia kwenye gari vinavyokuonyesha kwenye simu liko wapi na linakwenda kwa mwendo gani. Vinasaidia pale tu mlipokubaliana. Ukivificha, siku atakapokigundua mmerudi nyuma miaka.

Polisi wa rulaji, wa barabarani, wapo, na wanaweza kuvunja mkusanyiko ule wa Ijumaa. Utakuwa umewaokoa hata watoto wa wengine. Utakuwa pia umemtoa wako mwenyewe, na hujui jambo litaishia wapi. Hapo siwezi kukusukuma wala kukuzuia.

Jambo moja kuhusu dada yako, na hapa nitasema waziwazi ninavyofikiri. Wadogo wa kijana wanapanda gari lile kwenda shule. Mama yao anapakia mizigo yake humo. Unamlinda kwa kunyamaza, naelewa, lakini ni wake wote waliomo ndani. Mtu mzima aliyezika mume anaweza kuhimili habari ngumu. Kinachovunja ni kugundua kwamba ndugu yako alijua.

Sasa nirudi kwenye ukanda.

Katika maswali yako yote hukuniuliza juu ya mwenye kinga. Unaniuliza gari, zawadi, dada, wazee. Yeye ameingia kwenye barua yako kama unga mweusi, na kijana anasema alimwona kwenye kioo anasimama. Inawezekana ni kweli. Naomba iwe kweli. Lakini mtu aliyegongwa mzigo wake na gari la mwendo huo, hata kama hakuguswa mwilini, kinga imepinda na magunia yamepasuka, na yale magunia huenda yalikuwa minervali ya mtoto wake. Na mtu husimama wima kwa mguu uliovunjika, kwa sekunde chache, kabla maumivu hayajafika.

Kijana alisema, "Wangeniua." Sitamcheka kwa hofu hiyo, si ya kubuni, umati wenye hasira tunaujua. Ndiyo maana wenye uzoefu husema, kama unaogopa umati, usikimbilie nyumbani, kimbilia kituo cha polisi cha karibu ukaseme. Sheria yetu ya barabara, ya mwaka 1978, inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame. Saa ya kusimama imepita. Saa ya kutafuta haijapita.

Kutafuta kuna hatari zake, na ni vizuri uzijue kabla. Unaweza kukuta mtu amelazwa, au kaburi. Unaweza kukuta familia inayotaka haki yake mbele ya sheria, nayo ina haki ya kutaka. Unaweza pia kukuta watu watatu wanaodai kila mmoja kuwa ndiye. Kabla hujaenda, zungumza na mwanasheria mmoja unayemwamini, umweleze mambo kama yalivyo, ujue kijana anakabiliwa na nini na wewe pia. Ukitaka, mchukue mzee mmoja mwenye kunyamaza. Lakini kutotafuta nako kuna gharama yake, na umeshaanza kuilipa: huna usingizi. Kijana naye analipa. Nina wasiwasi kwamba anarudi barabara ya Kipushi kila Ijumaa ili mwendo umzuie kufikiri.

Umwite au usimwite mnapotafuta, hilo utalipima mwenyewe, unamjua. Kuna vijana wanaohitaji mjomba atangulie peke yake, arudi na habari, ndipo waweze kunyanyua macho. Wengine wanahitaji kupelekwa kwa mkono, mpaka mlangoni.

Ningependa pia, ukishuka mapumziko haya, safari yako ya kutoka Kolwezi iwe ya saa nne na nusu au tano. Akikupigia kuuliza dakika, mwambie hizo. Ataona ajabu, atakuuliza kuna nini. Mwambie una kitu mfukoni unataka kumwonyesha, na umwonyeshe mkiwa mmekaa, gari limezimwa.

Kwenye barabara ya Kipushi wenye makala huwa wanapumzika kabla ya kuingia mjini. Wanaegemeza kinga zao kwenye miti, wanakunywa maji, na wanafahamiana kwa majina na vijiji. Mmoja wao akikosekana majuma mawili, wenzake wanajua. Nenda mapema, kabla ya saa kumi na mbili, kwa miguu, na ukanda ule uwe mkononi.